Televisheni ya Mama Mkwe

Wanaonijua pale Lurambi wananijua kwa mdomo. Ukikaa kwenye kiti changu cha kinyozi utatoka umenyolewa kichwa na masikio yamechoka, kwa sababu mimi nikishika mashine naongea, na nikiiweka chini naongea zaidi. Lakini kuna habari moja ambayo nimekuwa nikiiruka kila mazungumzo yakiielekea, najifanya natafuta brashi, na leo nitaisimulia yote, maana wengine wenu mmeshaisikia vipande vipande kutoka Navakholo, kwao mke wangu, na huko wanaiongezea chumvi (eti nilizimia, sikuzimia, nilianguka tu, na kulikuwa na sababu). Ni habari ya jinsi mimi Shivachi, mtu mzima mwenye mke na biashara, nilivyomharibia jina mama mkwe wangu kwa ajili ya televisheni iliyokuwa imeshakufa. Nikiikumbuka hata sasa shingo inapata joto.

Kwanza mwelewe kwamba kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja wenu anapata ghafla kazi ya kufanya upande wa pili. Mimi ambaye naongea na kila mtu, hata mlevi aliyeingia kimakosa, nikifika kwa mama mkwe nakuwa bubu. Salamu yenyewe naitupia hewani, "Mulembe mama," nikiangalia mahindi, naye anaijibu akiangalia kuku, na mengine yote yanapitia kwa mke wangu Nanjala, ambaye anabeba maneno kutoka huku kwenda kule mpaka anachoka.

Sasa, mambo yalianzia Malinya. Nilikuwa nimeenda kuangalia mafahali wakipigana, na yule fahali aliyeshindwa akaamua kuondokea upande wetu watazamaji. Nilikimbia vizuri sana siku hiyo, sijisifu, lakini simu na pochi yangu havikukimbia nami, na kwenye pochi ndimo kilimokuwa kitambulisho. Nikaomba kingine nikaambiwa nisubiri, na bila kitambulisho huwezi kurudishiwa laini ya simu, na kinyozi asiye na simu wateja wake wanahamia kwa jirani. Nanjala akamwambia mama yake. Mama mkwe alikuwa na laini ya pili aliyoiandikisha siku moja sokoni na hakuwahi kuitumia, akaifunga kwenye kipande cha karatasi akamtumia Nanjala pamoja na kuku, na ujumbe kwamba mkwe wake asikae kimya kama mtu aliyefiwa.

Hapo ningekoma, ningekuwa mtu mwenye heshima zake mpaka leo. Lakini wakati huohuo akapita kijana mmoja anayeuza televisheni za sola za kulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu, na mimi nilikuwa nimeona kwamba vinyozi wenye TV ya mpira wanajaza benchi na mimi napiga miayo. Kijana akasema hakuna shida, anahitaji tu namba ya kitambulisho cha mwenye laini. Nanjala akampigia mama yake, akaweka simu kwa sauti kubwa, nikamsikia mama mkwe akisoma namba zake polepole, moja moja, kama mtu anayepitisha mayai dirishani. Alipomaliza akasema, "Kama ni ya kumsaidia mkwe wangu alishe watoto, aandike." Na kijana akaandika.

Ile TV ilinipa raha, siwezi kudanganya. Benchi lilijaa, watu walikuwa wananyolewa huku wakipinga penalti, na nilikuwa nalipa kila jioni bila kukosa. Kisha ikaja ile alasiri. Nyinyi mnajua mvua ya hapa Kakamega, haiji peke yake, inakuja na radi inayotafuta mtu kwa jina. Jirani alinipigia kelele nichomoe waya wa antena, nami nikamjibu kwamba hii ni ya sola (nilikuwa nimejiaminisha kwamba radi hufuata stima ya serikali tu). Kilichofuata ni mwanga mweupe, harufu ya plastiki, na mteja wangu mwenye nusu kichwa kilichonyolewa akikimbilia barabarani na taulo langu shingoni. TV ilikuwa imekufa, na taulo sijaliona tena.

Baada ya siku chache msichana wa kampuni akanipigia kunikumbusha malipo.

"Dada, hiyo TV iliungua," nikamwambia.

"Pole sana. Lakini bado kuna salio la kumaliza."

"Wewe huwanga unalipia kuku aliyeibwa na mwewe?"

Akasema mkataba ni mkataba, kwa adabu kabisa, nami nikakata simu nikiona nimemshinda kwa hoja. Kitambulisho changu kipya kilikuwa kimetoka, nilikuwa na laini yangu mpya tayari, kwa hiyo nikaitoa ile ya mama mkwe nikaitia kwenye kopo la majarini, pamoja na vifungo na nyembe butu, nikafunga kifuniko. Ndicho kitendo changu chote hicho. Wakawa wanapiga wanapigia kopo, wanatuma jumbe za onyo kwa kopo, na kopo halikuniambia kitu. Nanjala aliniuliza mara moja kama ile TV tulishamalizana nayo, nikasema ndiyo, nikaongeza sauti ya redio.

Miaka ikapita, sikumbuki hata kulikumbuka.

Mama mkwe ni mweka hazina wa chama cha wanawake kule Navakholo, na chama hicho kilikuwa kimeomba mkopo kwenye sacco ili kila mwanachama apate ng'ombe wa maziwa. Nanjala aliniambia mama yake alikuwa ameshajenga zizi, ameshapanda majani, na jioni alikuwa anaenda kusimama kwenye zizi tupu akiliangalia. Siku ya afisa wa sacco kuja kutia muhuri wa mwisho ilikuwa ni zamu ya mkutano kufanyika kwa mama mkwe, tukaitwa. Nilivaa koti. Nilibeba sukari, mikate, na kreti ya soda, boda akalalamika njia nzima kwa sababu ya mashimo. Nilipofika wanawake walipiga vigelegele, nikapewa kiti cha plastiki mbele kabisa, juu ya majani, na mama mkwe akabaki mbali mlangoni mwa jikoni kama inavyotakiwa, leso kichwani, mgongo nusu kwangu.

Afisa alikuwa kijana mwenye tai na uso wa mtu asiyependa kuumiza watu. Alisema mkopo uko tayari ila kuna jambo dogo. Mwanachama mmoja ana deni la zamani ambalo halikulipwa, likapelekwa kwa wakusanya madeni, na jina lake likawekwa CRB, kule kunakoandikwa majina ya wasiolipa. Na kwa kuwa chama kinakopa pamoja na kudhaminiana, jina moja likiwa chafu hakuna atakayepata ng'ombe. Akasema jina atamnong'oneza mwenyekiti baadaye, ili wayamalize taratibu.

Wanawake wakaanza kuguna. Mwenyekiti wao, Mama Barasa, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto, akasema kabla ya hayo mgeni atoe neno. Mgeni ni mimi. Mngekuwa ni nyinyi mngesema asanteni kwa chai mkaketi.

Mimi nilisimama nikafunga kifungo cha koti. Nikawaambia kwamba huko mjini sisi wafanyabiashara tunawajua watu wa aina hiyo, watu wanaochukua vitu vya wenyewe kisha wanazima simu (nilisema hivyo, wanazima simu, na moyo haukunidunda hata kidogo), na kwamba mtu kama huyo anawafungia wenzake riziki, na kama ningekuwa na uwezo ningeomba aletwe kwangu nimnyoe bila maji. Wakacheka, wakapiga makofi. Makofi kwangu ni mabaya kuliko pombe. Nikamgeukia afisa nikamwambia, "Usimfiche. Sema jina hapa hapa, ili ajirekebishe." Wanawake wakaitikia, "Sema, sema."

Afisa akamwangalia Mama Barasa, Mama Barasa akatikisa kichwa kukubali. Akafungua faili.

"Ni Mama Nanjala," akasema. "Ni televisheni ya sola. Ilichukuliwa kwa laini yake na kitambulisho chake, malipo yakakatika katikati."

Nilitaka kuketi. Nilikuwa nimesimama muda mrefu na kiti cha plastiki mguu wake mmoja ulikuwa umezama kwenye udongo laini, kwa hiyo niliketi na kiti kikaenda, nami nikaenda nacho, miguu juu, koti limenifunika uso. Hapo ndipo watu wa Navakholo wanaposema nilizimia. Akina mama wawili walinisimamisha wakanipangusa majani, na mimi sikusema asante wala pole, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe. Sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa namna hiyo.

"Ni kweri," akasema. "Hiyo TV ni yangu."

Kila mtu akageuka. Jamani, nyumba ya mama mkwe kila mtu anaijua, redio yake yenyewe inatumia betri na anazianika juani zikiisha nguvu. Mwanamke mmoja akauliza TV iko wapi. Akasema iliharibika. Mwingine akauliza, kwa kicheko, alikuwa anaangalia nini.

"Habari," mama mkwe akasema. Akafikiri kidogo. "Na mpira."

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mama mkwe aliyesema anaangalia mpira ni mama mzee wa kanisa, anayelala baada ya kufunga kuku. Yeye hakucheka. Alisimama tu palepale mlangoni, mikono imeshika leso, macho kwenye kuku, na kwangu hakuangalia hata mara moja, wala kwa Nanjala, ambaye alikuwa ananiangalia mimi kwa macho ambayo sitaki kuyaelezea.

Nilijua anachofanya. Mama hamwaibishi mkwe wake mbele ya watu, ni mwiko, na yeye alikuwa ameuchukua ule mwiko akaufanya blanketi akanifunika. Na mimi, ndugu zangu, nilikaa chini ya hilo blanketi. Huo ndio ukweli. Nilijiambia nitalipa kesho kimyakimya, nitanunua hata ng'ombe wawili, mradi tu sasa hivi nisisimame. Mtu wa maneno mimi, nilitafuta neno moja sikulipata.

Mama Barasa hakuwa anacheka tena. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya, kwamba Mama Nanjala ndiye mweka hazina, na mtu mwenye jina CRB hawezi kukaa na ufunguo wa sanduku la chama mpaka mambo yaeleweke. Mama mkwe akasema ni haki. Akashika pindo la leso yake ambapo ufunguo umefungwa tangu chama kianze, akafungua fundo, lilikuwa limekaza, akatumia meno. Akatembea mbele ya watu wote, akauweka mezani, akarudi mlangoni kwake. Njiani alijikwaa kidogo kwenye kreti ya soda niliyoileta.

Hapo nikasimama. Sijui ni nani aliyenisimamisha. Nilisema kwa sauti iliyotoka nyembamba kama ya mtoto, "TV ni yangu."

Vichwa vikarudi kwangu.

"Ni mimi niliichukua kwa laini ya mama, yeye alinisaidia tu. Ilipigwa na radi, nikakataa kulipa, laini nikaificha. Mama hajawahi hata kuiona hiyo TV. Mtu niliyemsema hapa ni mimi."

Nilisikia maji yakichemka jikoni. Halafu ajuza mmoja aliyekaa mbele, hana meno hata moja, akaniuliza taratibu, "Kinyozi, sasa tukunyoe bira maji?" na kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani. Nilikipokea. Kilikuwa changu. Lakini nilipothubutu kutupa jicho mlangoni, mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani na leso amejifunika usoni, nami sikujua kama analia au ananionea haya au ni vyote viwili.

Chama kilikaa kikajadili. Afisa akaeleza kwamba dawa ipo: deni lilipwe, wakusanya madeni watoe barua, jina lisahihishwe, ndipo mkopo upite, na mwenye kitambulisho afike mwenyewe. Mama Barasa akasema watasubiri mpaka mkutano ujao, mara moja tu, na jina likiwa bado chafu siku hiyo wataomba upya bila Mama Nanjala, maana wengine nao wana watoto wa kunywesha maziwa. Ufunguo ukabaki kwa Mama Barasa.

Nanjala hakunigombeza njiani, wala nyumbani. Alipika obusuma, ugali wetu, akanipakulia, akaketi mbele yangu. Akasema tu, "Mama alisema anaangalia mpira," akacheka kidogo, kisha akalia. Ningependa angenitukana.

Wiki hiyohiyo tukaenda mjini, kwenye ofisi ya hao wakusanya madeni, nyuma ya soko. Nanjala alikuwa zamu kazini, kwa hiyo tulikuwa mimi na mama mkwe peke yetu, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya jua. Yeye alitangulia, mimi nikafuata mbali kama askari kanzu. Ofisini kulikuwa na meza moja, msichana mmoja wa Shianda anayeitwa Mildred, na benchi moja. Moja tu. Nikasimama ili mama aketi. Yeye akasimama ili mimi niketi. Tukasimama hivyo, yeye anaangalia kalenda ukutani, mimi naangalia ndoo, na benchi liko katikati yetu halina mtu. Watu waliingia wakaketi kwenye hilo benchi, wakahudumiwa, wakaondoka, sisi tumesimama. Mildred akafikiri tumegombana.

"Kijana, si uketi na mama yako?"

"Si mama yangu," nikanong'ona. "Ni mama mkwe."

Mildred akasema "Aaa," ile ndefu ya mtu wa kwetu, akafunga kalamu, akachukua kiti chake mwenyewe akakitoa nje kwenye veranda, akakiweka chini ya dirisha. Mama mkwe akaenda akaketi huko nje, kitambulisho chake akakipitisha dirishani, nami nikaketi ndani, ukuta ukiwa kati yetu, na Mildred akafanya kazi amesimama. Ofisi nzima ikapumua.

Deni lilikuwa limenenepa kwa faini. Nilimweleza Mildred habari ya radi, akasema angeijua wakati ule ingeandikwa, kulikuwa na njia, ningeomba tu, lakini mtu aliyezima simu huandikwa amekataa. Akampigia mkubwa wake, akanibembelezea, faini ikapunguzwa. Nililipa kwa pesa nilizokuwa nimeziweka za kununua kiti cha pili cha kinyozi, na nikamwomba risiti, na ahadi ya barua, kwa maandishi. Nilikuwa nimeshajifunza.

Mildred alipokuwa anapiga muhuri, sauti ikatoka dirishani.

"Mwambie mkwe wangu kuna kitu nataka kumwambia."

Mildred akanigeukia. "Anasema ana kitu cha kukuambia."

"Mwambie namsikiliza," nikasema, ingawa tulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

"Mwambie mimi sikukasirikia TV. Vitu vinaungua. Angenitumia neno kwamba ameshindwa, ningeuza kuku tukamaliza, hakuna mtu angejua." Nikasikia kiti kikisogea. Mildred naye alikuwa ameacha kurudia, aliona hakuna haja. "Mwambie siku ile nilisema TV ni yangu kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya mama. Singegeuka. Angenyamaza mpaka mwisho, ningekaa na hiyo aibu mpaka nizikwe. Lakini nilikuwa nafungua ule ufunguo poropoore. Fundo halikuwa gumu. Nilikuwa namngoja."

Niliangalia ile ndoo. Nilisikia pua inawasha.

"Kwa sababu binti yangu ni mmoja," mama mkwe akasema, "na nilikuwa nataka kujua nimempea nani. Mwambie arichelewa. Lakini arisimama."

Nikamwomba Mildred amwambie nasikitika. Mildred akasema hilo nilisema mwenyewe, yeye ana kazi. Basi nikaligeukia dirisha, nikaona kona ya leso tu, nikasema, "Mama, nisamehe." Ile leso ikatikisika mara moja. Kwetu hiyo inatosha, na tulirudi stendi kama tulivyokuja, yeye mbele, mimi nyuma sana.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Kulipa ni siku moja, kusafishwa ni kitu kingine. Nilikuwa namfuata Mildred kila mara, mpaka akaniambia nisiwe namletea mandazi, barua haiivi haraka kwa mandazi. Usiku nilikuwa naliona lile zizi tupu. Nilinyoa watu bila kuongea, na mteja mmoja akaniuliza kama nimeokoka. Mkutano ulipobaki siku chache, Mildred akapiga: barua imetoka, jina limesahihishwa, mama aje atie sahihi.

Tulifika asubuhi. Kiti kilikuwa kimeshatolewa nje. Mama mkwe akatia sahihi kwenye kizingiti cha dirisha, Mildred akamsomea ile barua yote kwa sauti, jina lake kamili, la ubatizo, la babake na la mumewe, na kwamba hadaiwi kitu na mtu yeyote. Akaomba asomewe tena. Akasomewa. Nilimsikia akilirudia jina lake kwa sauti ya chini.

(Ng'ombe walikuja, ndiyo. Wake ni mweusi mwenye doa na ana hasira. Ufunguo ulirudi kwenye leso. Hayo yote yalikuja baadaye na mimi nimeyasikia tu, kwa sababu kwenye mkutano huo niliomba udhuru.)

Lakini pale dirishani, kabla hatujaondoka, mama mkwe aliikunja barua akaitia kifuani, akasema, "Mwambie mkwe wangu, akihitaji jina langu tena siku nyingine, aniombe. Nitampea."

Mildred akaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia ukuta, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri. Nilitegemea kila kitu kutoka kwa yule mama isipokuwa hicho. Angeninyima hata salamu, ningesema ni haki yake.

"Nimjibu nini?" Mildred akauliza.

Nikatafuta maneno, mimi mwenye maneno, na yaliyopatikana yalikuwa machache.

"Mwambie asante," nikasema. "Mwambie nitatumia langu."